Kifungo cha Baba

Ndugu msomaji, usisome kichwa cha makala haya ukadhani baba yangu alifungwa jela. Hivyo ndivyo walivyodhani wanachama wenzangu muhula wa kwanza mwaka huu, niliposimama katika mkutano wa Chama chetu cha Kiswahili nikasema, "Baba aliniachia kifungo kimoja." Ukumbi ulinyamaza kama maji mtungini. Kisha jirani yangu wa dawati akaniuliza kwa sauti ya huruma, "Kifungo cha miaka mingapi, ndugu yangu?" Hapo watu wakaangua kicheko, hata mwalimu mlezi akashindwa kujizuia.

Siku hiyo tulikuwa tunajadili majina ya mavazi. Nilitaka kujua vile vidude vinavyofunga mikono ya shati la kiungwana, lile lisilo na vifungo vya kushonwa, vinaitwaje kwa Kiswahili. Mmoja akasema ni kafulinki, basi, yamekwisha. Kiswahili hukopa na hakilipi. Mwingine akasema ni vishikizo vya mikono. Mwenzetu mmoja anayetoka Lamu alisema kwao mtu akivaa kanzu yake mikono huachwa wazi, ipate hewa, na kwamba hizo nyingine ni pingu tu. Mwalimu alituacha tuvutane mpaka kengele ikalia. Mimi nimechagua kuviita vifungo vya mikono, na nikiwa na haraka nasema kafulinki. Nikaahidi kuandika habari zake katika jarida letu. Ahadi ni deni, nami leo nalipa, ingawa deni lenyewe ni kubwa kuliko walivyofikiri siku ile.

Baba yangu alikuwa mhudumu katika hoteli moja mjini Nakuru kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kubeba sinia na kusimama nyuma ya viti vya watu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini juu ya mavazi alikuwa na maneno. Alizoea kutuambia, "Mgeni haoni uso wako. Wewe unamwekea sahani, yeye anaona mkono. Mkono ukiwa mchafu, chakula chote ni kichafu." Kwa hiyo kucha zake zilikuwa fupi daima, na mikono ya shati lake ilikuwa myeupe kama pamba hata siku ya Ijumaa.

Vile vifungo alipewa na mgeni mmoja mzee aliyekaa hotelini majuma matatu. Baba hakutueleza kwa nini alipewa. Vilikuwa viwili, vya rangi ya fedha, kila kimoja kikiwa na kijiwe cheusi cha mviringo kilichong'aa kama jicho la kuku. Nyuma yake palikuwa na kijiti kidogo kinachozunguka: ukikilaza kinapita tunduni, ukikigeuza kinazuia kisichomoke. Nilipokuwa mdogo nilipenda kukizungusha kijiti hicho mpaka baba akaniambia nitakivunja.

Alipovipata, ilimbidi atafute shati la kuvivalia. Hapa wengi wetu ndipo tunapojikwaa. Shati la kawaida lina kifungo chake mkononi, kimeshonwa, wala halihitaji kingine. Shati la kafulinki lina matundu pande zote mbili na halina kifungo. Tena lile lililo bora zaidi lina kafu ndefu, yaani ule upande mgumu wa mwisho wa mkono, ambao unakunjwa kurudi nyuma juu ya wenyewe, hata matundu yakawa manne yanayotazamana. Kijiti kinapita yote manne. Baba alilipata lake kwenye mitumba, jeupe, kitambaa kizito, karibu jipya. Sijui lilikuwa la nani Ulaya huko. Baba alilivaa Krismasi, Pasaka, siku za harambee kubwa, na siku aliyonileta kidato cha kwanza, Mei mwaka 2022.

Mkosi ulianza mwaka huohuo.

Shule yetu ilialikwa kwa mjadala katika shule moja ya wasichana. Ndugu msomaji, wewe mwenyewe unajua jinsi habari kama hiyo inavyotikisa mabweni ya wavulana. Watu walipiga viatu rangi usiku kucha. Mtu aliyekuwa na pafyumu aligeuka mfalme. Mimi nilikuwa nimetoka likizo fupi, na katika sanduku langu, ndani ya soksi, nilikuwa nimeficha kifungo kimoja cha baba. Nilichukua kimoja tu, kwa werevu wangu wa kijinga, nikiwaza kwamba baba akifungua kisanduku akaona kingine hatashtuka. Nilikuwa nimeona picha za marehemu Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru, katika suti zake za mistari na ua la waridi kifuani. Mimi sikuwa na waridi. Nikapitisha kile kifungo katika tundu la kola ya bleza, nikageuza kijiti kwa ndani, nikajiona mtanashati kupindukia.

Hakuna msichana aliyeniuliza habari zake. Mmoja tu alinitazama kifuani akadhani mimi ni kiranja. Tulipokuwa njiani kurudi, tukiimba katika basi, nilipapasa kola nikakuta tundu tupu. Nilitafuta chini ya viti kwa tochi ya dereva. Nilitafuta tena kesho yake pale basi lilipokuwa limeegeshwa. Wapi! Kilikuwa kimekwenda na maji.

Sikusema. Nilipofunga shule nilikuta baba amekwisha kupindua nyumba nzima. Mama alinisimulia jinsi alivyochakura hadi kwenye shimo la takataka kwa kijiti. Nami nikauliza, kwa uso mkavu kama wa kobe, "Hakijaonekana?" Wakati ule palikuwa na mama mmoja wa mtaani kwetu aliyekuja kutufulia nguo kila Jumamosi. Muhula uliofuata nilipofika nyumbani, hakuwepo tena. Sikuuliza kwa nini. Nilijua, na kwa kuwa nilijua ndiyo maana sikuuliza.

Septemba mwaka 2023 baba aliugua ghafla, na kabla juma halijaisha akatuaga. Nilitolewa shuleni na mwalimu wa zamu. Yaliyofuata sitayaeleza yote, kwa maana kila aliyefiwa anayafahamu na ambaye hajafiwa nisimharakishe. Nitasema moja tu. Usiku wa kuamkia kumtoa baba hospitalini, mama alikuwa akichagua nguo za kumvika. Alitoa suti ya kijivu. Alitoa lile shati jeupe, akalikunjua kitandani, akalitazama mikono. Kisha akalikunja tena akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Hili halina vifungo." Akatoa shati jingine, la kazini. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiushika ubao wa mlango. Baba alizikwa na shati la kazini.

Mwaka uliopita dada yangu mkubwa alichumbiwa, na arusi ikapangwa Desemba. Swali likazuka, nani atakayemsindikiza kanisani mahali pa baba? Baba mdogo alijua ni yeye, na kwa mila alikuwa na haki. Dada alisema anamtaka ndugu yake, yaani mimi. Kikao kikawa kirefu. Baba mdogo hakukasirika, ila alicheka kidogo akasema, "Kijana wa shule? Atamshika mkono bibi arusi akiwa na sweta ya shule?" Wazee wakatabasamu. Mama aliyekuwa kimya muda wote ndiye aliyejibu: "Atavaa shati la baba yake." Neno hilo likafunga kikao.

Basi dada akajiandaa kufunga pingu za maisha, nami nikaanza kutafuta za mikononi. Mama alinipa fedha nikatafute kafulinki moja mjini ifanane na ile iliyobaki. Nilizunguka duka baada ya duka. Katika duka la suti, mwenye kuuza alinitazama kwa mshangao. "Kimoja? Kwani viatu nawe hununua kimoja?" Vyote huuzwa jozi. Hata hivyo alinionyesha alivyokuwa navyo, kwa kuwa mchana ule hakuwa na wateja, nami nilijifunza mengi kwa dakika chache. Vipo vya mnyororo, ambavyo vina uso pande zote mbili na vinapendeza zaidi lakini kuvivaa peke yako ni kazi. Vipo vya kijiti kinachozunguka kama vya baba, ambavyo ndivyo vingi na rahisi. Vipo vya nyuzi zilizosokotwa zikawa fundo, na hivyo ndivyo vya bei nafuu kabisa. Duka la Charvet jijini Paris ndilo lililovipa umaarufu, mwanzoni mwa miaka ya 1900, kwa nyuzi za hariri. Halafu vipo vyenye umbo la spana, karata, na nembo za timu za kandanda za Uingereza. Mtu na akili zake avae spana kwenye arusi ya dada yake? Mwenye duka alinishauri rangi ya kifungo ifuate saa na bakoli ya mshipi: fedha kwa fedha, dhahabu kwa dhahabu. Alinishauri pia nisivae bila koti, kwa maana kifungo cha mkono kinataka kuonekana kidogo tu, si kutembezwa. Hilo nalikubali. Cheusi, alisema, hakimkosei mtu, mchana wala jioni.

Sikununua. Jozi ya bei ya chini ingewezekana, lakini niliona kuwa kuvaa jozi mpya kungekuwa kumfukia baba mara ya pili. Nilirudi nyumbani mikono mitupu.

Jioni ile mama alikuwa akipiga shati pasi, pasi yetu ya makaa, huku akitaja majina ya wa kualikwa na dada mdogo akiandika. Alipofika mtaani kwetu alitaja nyumba moja baada ya nyingine, akaruka moja. Dada mdogo akauliza, "Na yule mama aliyekuwa akifua?" Mama akasema, "Huyo simwaliki. Yeye anajua alichofanya."

Moyo ulinidunda mpaka nikahisi masikio yamejaa. Nilimwomba dada mdogo anipikie chai, ili atoke. Kisha nikasema. Nilisema yote, bleza, wasichana, basi, tochi ya dereva. Sikumtazama, nilitazama pasi. Mama hakuacha kupiga pasi. Alimaliza mkono mmoja wa shati, akaugeuza, akamaliza wa pili, akaiweka pasi juu ya jiwe lake.

"Baba yako alinikataza nisimshuku," alisema. "Mimi ndiye niliyemwachisha kazi."

Nilitarajia makofi, au hata machozi. Hakuna. Alinyamaza muda mrefu hata makaa yakaanza kufifia, ndipo akasema, "Kesho asubuhi utakwenda kwake. Wewe, si mimi. Mimi nitakwenda baadaye na langu." Kisha akaongeza, "Na shati ulipeleke kwa fundi."

Nilianza na fundi, kwa woga.

Fundi wetu hushonea kwenye baraza ya duka la jumla, na ni mzee anayependa kusimulia. Nilimwonyesha kile kifungo kimoja. Akakigeuzageuza, akavuta droo ya cherehani, akachakura kopo la vifungo vya zamani. Alitoa kifungo cheusi cha koti, kikubwa, cha mviringo, na kifungo kidogo cha shati. Akavifunga pamoja kwa uzi mzito uliopakwa nta, akiacha nafasi kidogo katikati, upana wa unyasi hivi, kisha akauzungushia uzi huo mwingine mpaka ukawa shingo ngumu. Kile kidogo kinapita matunduni, kile kikubwa kinabaki nje. "Haya," akasema, "kafulinki ya fundi."

Nilidhani amebuni. Kumbe alirudia jambo la kale! Baadaye nilisoma katika maktaba yetu kwamba Wazungu hapo mwanzo walifunga mikono ya mashati kwa kamba, kisha katika karne ya kumi na saba wakaanza kutumia vifungo viwili vilivyounganishwa kwa kijinyororo, kama alivyofanya fundi wangu kwa uzi. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alipomwoa Catherine wa Braganza kutoka Ureno mwaka 1662, vilitengenezwa vifungo vya kuikumbuka arusi hiyo, vyenye mioyo miwili na taji juu yake. Mwalimu wetu wa historia angependa niongeze kwamba Catherine alikuja na Bombay kama sehemu ya mahari yake, na kwamba wakati huo Wareno wenzake walikuwa bado wamo Fort Jesus pale Mombasa, ambayo hawakuitoka mpaka mwaka 1698. Kwa hiyo vifungo vya arusi si jambo geni.

Fundi alinivalisha shati papo hapo barazani, watu wakipita. Alinifundisha hivi. Kunja kafu irudi nyuma, matundu yalingane. Kisha zile ncha mbili usizilalishe moja juu ya nyingine kama shati la kawaida. Ziache zibusiane, ziwe zimetazama nje kama midomo ya samaki. Pitisha kifungo kutoka nje, geuza kijiti ndani. Mkono wa koti ukomee kwenye kifundo cha mkono, na shati litokeze kidogo, nusu inchi yatosha. Likitokeza zaidi, watu watadhani koti ni la ndugu yako mdogo. Hakunitoza kitu kwa kifungo, alitoza kupunguza mikono tu, kwa maana baba alikuwa na mikono mirefu kuliko yangu.

Kutoka hapo sikuwa na kisingizio kingine.

Yule mama nilimkuta nje ya nyumba yake akianika nguo za watu. Nilimwamkia, akaniitikia vizuri, akaniuliza habari za mama na masomo. Alitaka kuniletea kiti. Nilimwambia nimekuja kusema jambo nikiwa nimesimama. Nikalisema. Maji yalikuwa yakimchuruzika mikononi.

"Kwa hiyo kilionekana," akasema.

"Hakijaonekana, mama. Nilikipoteza mimi."

Alikamua shuka mpaka tone la mwisho. Akaniambia kwamba baada ya kuachishwa kwetu, nyumba nyingine mbili mtaani zilimwachisha pia, bila kumweleza sababu. Hakuinua sauti. Nilimwomba msamaha, akasema, "Haya, umesema." Nilimpa kadi ya arusi ambayo mama alikuwa ameandika jina lake usiku ule kwa mkono wake mwenyewe. Aliishika kwa vidole viwili isilowe, akaiweka dirishani. Sijui kama aliisoma.

Siku ya arusi nilirauka kabla ya jogoo. Nilivaa kile cha baba mkono wa kulia, cha fundi mkono wa kushoto, kwa kuwa dada angeshika mkono wa kulia na nilitaka akiguse. Mikono ilinitetemeka. Langoni mwa kanisa baba mdogo alinijia, amevaa suti safi, akanishika mkono kama anayetaka kunisalimu, kisha akaugeuza.

"Umevaa kinyume," akasema. Kweli, kwa woga nilikuwa nimepitisha kifungo kutoka ndani, kijiwe kikatazama ubavu wangu. Akakitoa, akakirudisha vizuri, uso wake nje. Akauchukua na mkono wa kushoto aukague. Alikitazama kile kifungo cha koti na uzi wake kwa kitambo. Aliinua macho akanitazama mimi. Nilidhani atauliza. Alikivuta kidogo tu kuona kama kimekaza, akanipigapiga begani, akaenda kukaa safu ya mbele.

Dada alinishika mkono, tukaingia. Kwaya iliimba, vigelegele vikapasua paa. Nilitazama mbele kama nilivyoagizwa, ila mara moja niligeuka kutazama viti vya nyuma, walikokaa majirani. Mama mfuaji hakuwepo. Jioni, watu walipokuwa wakila, mama alinong'oneza kwamba amefunga chakula katika beseni atampelekea kesho mwenyewe. Alimpelekea. Alikaa huko saa nzima na zaidi, akarudi akaingia chumbani moja kwa moja. Hawakunieleza walizungumza nini. Tangu Januari mwaka huu tumekuwa tukimwona Jumamosi akipita njia ya kwetu na kusalimu ugoni, lakini nguo zetu tunazifua wenyewe.

Shati limerudi sandukuni. Katika kile kisanduku sasa mna kifungo cha baba na kifungo cha fundi, vimelazwa pamoja juu ya pamba. Dada hajui kwa nini ndugu yake alivaa vifungo visivyofanana siku ya arusi yake. Katika picha moja vinaonekana wazi, na amekwisha kuniuliza mara mbili. Nilimwambia nitamweleza. Dada, jarida hili nitakuletea mwenyewe tukifunga shule, na ukurasa huu nimeukunja ncha.